Deni la Umma na Haki ya Wazee

 



Nani kati yetu asiyeijua sauti ile isikikayo msikitini kabla ya kusaliwa jeneza? Husimama mmoja katika jamaa za marehemu, aghalabu mwanawe mkubwa au ndugu yake wa tumbo moja, akasema mbele ya watu wote: ikiwa yupo anayemdai marehemu, na ajitokeze, au amwone fulani baada ya maziko. Wala haoni haya kusema hivyo. Huenda marehemu alikuwa mtu mkubwa mwenye kuheshimiwa. Deni lake kwa mwenye duka la mtaani litatajwa vivyo hivyo, kwani sote tumefundishwa tangu chuoni kwamba nafsi ya muumini hubaki imefungika kwa deni lake hata lilipwe.

Lakini liko deni jingine, kubwa kuliko madeni yote ya majeneza yetu yakikusanywa pamoja, ambalo hatujapata kusikia likitangazwa kwa sauti hiyo. Nalo ni deni la taifa. Hatusemi kwamba haliandikwi. Linaandikwa, na hesabu yake husomwa Bungeni kila mwaka wa fedha. Ila husomwa kwa lugha ambayo mvuvi na mkulima hawaifahamu, na ikiisha kusomwa hakuna anayeulizana na mwenzake sokoni wala barazani. Na ndani ya deni hilo limejificha deni jingine lililo karibu nasi zaidi, yaani ahadi waliyopewa watu waliotumikia umma kwamba watakapozeeka watatunzwa. Leo twataka kuyatazama mambo haya mawili kwa njia ya historia, kwa sababu yote mawili yana tabia moja: leo anaahidi mtu mmoja, na kesho atalipa mwingine ambaye hakuwapo.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, na mada yake ni kuandika deni. Inaamrisha deni la muda liandikwe, aandike mwandishi mwadilifu, wawepo mashahidi, na watu wasichoke kuliandika liwe dogo au kubwa. Tena yasema kwamba mwenye kutoa maneno ya kuandikwa ni yule mdaiwa mwenyewe. Na ikiwa mdaiwa ni mpungufu wa akili au mnyonge, basi walii wake atamsemea kwa uadilifu. Aya inayofuata yaonya juu ya kuficha ushahidi. Sasa tuulize: katika deni la taifa mdaiwa ni nani? Si waziri, wala si gavana wa benki kuu, kwani hao huja na kuondoka. Mdaiwa ni mwananchi, pamoja na mtoto wake aliye mgongoni na yule ambaye hajazaliwa. Hao ndio wanyonge wasioweza kusema, na mtawala ndiye walii wao. Akisema kwa niaba yao kisha asiwaeleze alichosema, ushahidi utakuwa umefichwa hata kama karatasi ipo.

Hatuingii leo katika hukumu ya riba, ambayo inajulikana na imekwisha kuelezwa mara nyingi katika mimbari hizi. Pengine tumeieleza mara nyingi mno kuhusu mkopo wa mtu mmoja, na mara chache mno kuhusu mkopo wa nchi. Kosa hilo ni letu sisi tunaohutubu.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoletewa maiti aliuliza kwanza kama ana deni. Aliletewa mmoja aliyekuwa na deni asilo na kitu cha kulilipia, akawaambia masahaba wamsalie wao. Mpaka Abu Qatada aliposema kwamba deni lile liko juu yake, ndipo akamsalia. Ilikuwa hivyo siku za dhiki. Mwenyezi Mungu alipowafungulia Waislamu riziki, Mtume akatangaza kwamba anayekufa na kuacha deni asiloweza kulilipa, kulilipa ni juu yake yeye, na anayeacha mali, mali hiyo ni ya warithi wake. Wanavyuoni wengi wamelifahamu tangazo hili kuwa ni la kiongozi wa umma. Hazina ya umma, basi, ilianza kwa kubeba mizigo ya wanyonge.

Zama za Sayyidna Abubakar, katika mwaka wa 12 wa Hijra, Khalid bin Walid alifanya mapatano na watu wa Hira, mji wa Wakristo katika nchi ya Iraq. Abu Yusuf, kadhi mkuu wa Harun al-Rashid, ameyahifadhi mapatano hayo katika kitabu chake juu ya kodi ya ardhi. Ndani yake imo sharti kwamba mzee atakayeshindwa kufanya kazi, au mtu atakayefikwa na msiba au kufukarika baada ya utajiri, ataondolewa jizya, naye na watu wake watalishwa kutoka Baitul Mali. Sharti hili liliandikwa, likatolewa kwa watu wasiokuwa Waislamu, na jeshi lililoshinda vita. Katika kitabu hicho hicho imo habari ya Sayyidna Umar kumkuta mzee kipofu, Myahudi, akiomba mlangoni pa watu. Alipoulizwa kilichomfikisha hapo alitaja jizya, haja na uzee. Umar akamshika mkono mpaka nyumbani kwake, akampa kitu, kisha akamwita mtunza hazina na kumwagiza amwangalie yeye na wa mfano wake, akieleza kwamba si insafu kula ujana wa mtu na kumtupa akizeeka.

Umar huyo huyo ndiye aliyeanzisha Diwani, daftari la majina ya wenye haki katika mali ya umma, na kiwango cha kila mmoja. Na hapo ndipo yalipozuka mabishano ambayo hayajaisha mpaka leo. Abubakar alikuwa akigawa sawasawa: aliyesilimu mwanzo na aliyesilimu jana, wote fungu moja, kwa hoja kwamba ujira wa kutangulia uko kwa Mungu, na haya ya dunia ni maisha tu. Umar aliona si haki kumlinganisha aliyepigana pamoja na Mtume na aliyempiga vita Mtume; akawapanga watu kwa daraja, waliopigana Badri wakipewa elfu tano kwa mwaka katika riwaya iliyo mashuhuri, na wengine chini yao. Inasimuliwa kwamba mwisho wa maisha yake, alipoona mali inavyowatenga watu, alikusudia kurudi kwenye usawa, lakini akauawa kabla. Twaomba msikilizaji aiweke habari hii moyoni, kwa maana tutairudia tukifika nyumbani.

Kwanza twende Misri, kwa kuwa ndiko palipoonekana, katika nchi ya Waislamu, jinsi deni lisilosemwa linavyowala wanaotumikia nchi.

Mkopo wa kwanza wa nje Misri iliuchukua mwaka 1862, zama za Said Pasha. Mwaka uliofuata akatawala Ismail, mtu mwenye hima kubwa. Pamba ya Misri ilikuwa ikiuzwa kwa bei kubwa sana kwa sababu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na fedha zikaonekana kama hazitakwisha. Akajenga reli, mifereji, madaraja, shule; tena majumba ya fahari, na sherehe za kufunguliwa Mfereji wa Suez mwezi wa Novemba 1869, ambazo wafalme wa Ulaya walialikwa kuzihudhuria. Vita vya Marekani vilikuwa vimekwisha tangu 1865 na bei ya pamba ilikuwa imeanguka. Mikopo ikaendelea, mpya ukilipa wa zamani. Mwaka 1873 ulitiwa sahihi mkopo wa paundi milioni 32. Zilizofika mkononi mwa Misri zilikuwa kama milioni 20 tu, zilizobaki zikiwa zimeliwa na punguzo na ada za wakopeshaji. Hata hivyo riba ilihesabiwa juu ya 32.

Sisi watu wa pwani tuna kumbukumbu yetu katika habari hii. Mwaka 1875 merikebu za Ismail, zikiongozwa na Mwingereza aliyeitwa McKillop, zilishusha askari Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya Sayyid Barghash wa Unguja. Barghash alishitaki kwa Waingereza, na askari wale wakaondolewa. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, aliyewatuma hakuwa na fedha ya kulipia madeni yaliyomkabili, akauza hisa zote za Misri katika Mfereji wa Suez, 176,602, kwa serikali ya Uingereza, kwa kitu kama paundi milioni nne. Mfereji ulichimbwa na wakulima wa Misri, na wengi wao, katika miaka ya mwanzo, walipelekwa kwa nguvu.

Na wananchi walikuwa wakijua nini? Walijua mtoza kodi. Mwaka 1871 ilitolewa sheria iliyoitwa Muqabala: mwenye ardhi atakayelipa kodi ya miaka sita mara moja, atapunguziwa nusu ya kodi yake milele. Watu walilipa, wengine kwa hiari na wengine kwa kulazimishwa. Tazameni vizuri ahadi hiyo, kwani haiko mbali na michango ya uzeeni: toa leo, utapumzika kesho. Mwaka 1880 ilifutwa, na nusu ile ya milele ikadumu miaka tisa.

Hesabu zote alikuwa nazo mtu mmoja, Ismail Siddiq Pasha, waziri wa fedha. Novemba 1876 alikamatwa, akapelekwa, na hakuonekana tena akiwa hai; siri za daftari zikaenda naye. Hata huko London ukimya ulikuwa na bei. Serikali ya Uingereza ilikuwa imemtuma Stephen Cave achunguze fedha za Misri. Machi 1876 Waziri Mkuu Disraeli aliliambia Bunge lake kwamba Khedive hapendi taarifa ile ichapishwe. Papo hapo bei ya hati za Misri ikaporomoka, kwa sababu kila mwenye nazo alidhani yaliyofichwa ni mabaya kuliko yaliyomo. Mwezi uliofuata Misri ikasimamisha malipo. Tarehe 2 Mei 1876 ikaundwa Sanduku la Deni la Umma, likasimamiwa na wajumbe wa Kizungu, na mapato ya mikoa mizima yakapelekwa humo moja kwa moja. Deni lilikuwa limepita paundi milioni 90.

Tumefika mahali penye uchungu. Mwaka 1877 Mto Nile haukujaa, na mwaka 1878 watu wa Misri ya Juu wakafa kwa njaa. Kodi ikaendelea kukusanywa, kwani siku ya kuwalipa wenye hati haikungoja mavuno. Watumishi wa serikali walikaa miezi mingi bila mshahara. Kisha, ili kupunguza gharama, maofisa wa jeshi wapatao 2,500 wakaambiwa waende nyumbani kwa nusu mshahara, ilhali malimbikizo yao ya nyuma hawajalipwa. Tarehe 18 Februari 1879 mamia yao waliizingira Wizara ya Fedha mjini Kairo, wakamkamata Waziri Mkuu Nubar Pasha na waziri wa fedha Mwingereza, Rivers Wilson. Miezi minne baadaye Ismail aliuzuliwa na Sultani wa Uturuki. Jeshi lile lile ndilo lililosimama na Ahmad Urabi mbele ya kasri la Abdin, Septemba 1881. Julai 1882 Iskandaria ikapigwa mizinga, Septemba Urabi akashindwa Tel el-Kebir, na Waingereza wakaikalia nchi. Sanduku lile la Deni lilivunjwa mwaka 1940.

Wako wanaosema kwamba Ismail aliangamizwa na ubadhirifu, na wako wanaosema aliangamizwa na ulafi wa wakopeshaji. Sisi twaona yote mawili ni kweli, lakini hayatoshi. Katika miaka 14, tangu mkopo wa kwanza hata malipo kusimama, hakuna siku aliyeulizwa mkulima ambaye ng'ombe wake angeuzwa kulipia. Lilikuwapo Baraza la Wajumbe tangu mwaka 1866. La kushauri tu, si la kuzuia. Na ilipofika siku ya kugawa kichache kilichobaki, aliyekuwa na mkataba na balozi wa kumsemea alilipwa kwanza, na aliyekuwa na utumishi wa miaka tu akaambiwa asubiri.

Nasi je? Tuje kwetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa Kampala wa tarehe 6 Juni 1967, ilikuwa na mashirika makubwa: reli, bandari, posta na simu, na ndege. Maelfu ya watu wa Tanzania, Kenya na Uganda waliyatumikia, wakiahidiwa pensheni. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mali na madeni vikabaki havina mwenyewe. Benki ya Dunia, ambayo ilikuwa imeyakopesha mashirika hayo, ilisaidia kupatikana mpatanishi, Mswisi Victor Umbricht, na baada ya miaka mingi ya mazungumzo mkataba ukatiwa sahihi Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Katika mkataba huo kila serikali ilibeba wajibu wa kuwalipa wananchi wake pensheni zao.

Liliandikwa, basi, na mashahidi walikuwapo. Lakini huku Tanzania wazee wale walifika mpaka Mahakama Kuu, na makubaliano ya kuwalipa yakafikiwa mwaka 2005, miaka 28 tangu Jumuiya ivunjike. Na hata baada ya hapo wengine waliendelea kudai kwamba hesabu haikutimia. Wakazi wa Dar es Salaam watawakumbuka wazee hao, wengine wakiwa na magongo, walivyokaa barabarani na magari yakasimama. Hatusemi nani alikuwa na haki katika kila shilingi, kwani hilo ni la mahakama. Twasema hili tu: hatukumbuki khutba iliyowataja walipokuwa wakingoja, hata za kwetu wenyewe. Tuliwaombea dua wakishakufa.

Liko na jingine, la siku za karibu, ambalo wachache walilisikia. Watumishi wa serikali wa Tanzania Bara hapo zamani hawakuwa wakichangia pensheni. Hazina ndiyo iliyowalipa walipostaafu. Mwaka 1999 ikatungwa sheria ya kuanzisha mfuko wa kuchangia. Walioajiriwa kabla waliingizwa mfukoni pamoja na miaka yao ya nyuma, nayo ni haki yao. Lakini fedha ya miaka hiyo ya nyuma haikuwekwa wakati ule. Likazaliwa deni la serikali kwa mfuko, na wazee wakilipwa kwa michango ya vijana. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma ikaunganishwa kuwa mmoja, na kanuni mpya ikataka malipo ya mkupuo yawe robo ya mafao kwa wote, hata waliokuwa wamezoea nusu. Hapo ndipo neno kikokotoo lilipoingia kila nyumba, na Desemba mwaka huo Rais John Magufuli akaisimamisha kanuni hiyo. Mwaka 2022 mkupuo ukawekwa asilimia 33, na baadaye ukaongezwa kwa baadhi ya watumishi. Mwalimu anayekaribia kustaafu alijua asilimia zile kwa moyo. Lakini serikali ilipoanza kulilipa deni lile la kabla ya 1999 kwa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17, isiyokuwa fedha taslimu, ni wangapi walioulizana maana yake? Maana yake ni kwamba ahadi iliyokuwa nje ya daftari la deni la taifa imeingizwa ndani yake. Kwa maoni yetu hilo ni jema, kwa kuwa liko karibu zaidi na amri ya kuandika. Ila atakayelipa hatifungani hiyo ni mlipa kodi, na katika walipa kodi yumo mvuvi wa Kilwa anayekatwa kila anunuapo sabuni, ambaye yeye mwenyewe hana pensheni wala kiinua mgongo.

Twarudi, kama tulivyoahidi, kwenye mabishano ya Abubakar na Umar. Mfuko wa kuchangia wafuata njia ya Umar: kila mtu kwa utumishi wake na mchango wake. Zanzibar, mwezi wa Aprili 2016, ilianza pensheni kwa kila mzee aliyefika miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, hakuulizwa mtu kama aliwahi kuajiriwa. Mama aliyeuza maandazi na aliyekuwa mkurugenzi wakasimama safu moja. Hiyo ni njia ya Abubakar. Fedha ile ilikuwa ndogo, wala hatuna haja ya kuipamba. Lakini bibi aliyekuwa akingoja mwanawe akumbuke kuleta chochote akawa na siku yake katika mwezi. Sisi twaelemea kwamba nchi yahitaji njia zote mbili, na kwamba ya pili isingoje ile ya kwanza ishibe. Wengine katika wenzetu wataona vingine, na wana dalili zao.

Lisilokuwa na dalili ni kunyamaza. Sababu zake twazijua: hesabu ni ngumu, masikini huona haya kuuliza mambo ya wakubwa, na mkubwa huona akiulizwa ametukanwa. Jirani zetu wa Msumbiji waliyaonja hayo. Mwaka 2013 na 2014 mashirika matatu yalikopeshwa kiasi cha dola bilioni mbili kwa dhamana ya serikali, sehemu ya fedha ikisemwa ni ya meli za kuvulia jodari, na Bunge halikuombwa idhini. Ilipofichuka yote mwaka 2016, wafadhili walizuia misaada na fedha ya nchi ikaporomoka. Aliyekwenda dukani Pemba au Nampula akakuta bei imepanda, wala hakuwa ameona jodari hata mmoja.

Sayyidna Umar alipochomwa kisu akisalisha Alfajiri, na akajua kwamba hatapona, alimwita mwanawe Abdullahi, akamwambia atazame deni lililo juu yake. Wakalihesabu pale pale, watu wakisikia, wakalikuta elfu 86 au karibu na hapo. Akausia lilipwe kwa mali ya jamaa ya Umar ikitosha; isipotosha, waombwe Banu Adiyi, ukoo wake; wasipotosha, waombwe Makureshi; na asiende kwa wengine zaidi ya hao. Baada ya hapo ndipo alipomtuma mwanawe kwa Bibi Aisha, amwombee ruhusa ya kuzikwa kando ya masahibu wake wawili.